Ndege imekwama chini na joto linapanda: la kufanya tangu geti hadi madai

Ndege ya A320 iliyojaa hubeba watu kama 180. Kila mmoja, hata akikaa kimya amefunga mkanda, mwili wake unatoa joto la takriban wati 100. Zidisha: kilowati 18, sawa na pasi 18 za umeme za wati 1,000 zilizowashwa ndani ya bomba la alumini lililofungwa milango na kuanikwa juani. Kiyoyozi kikizimwa, hakuna nafasi ya kungoja uone itakuwaje. Ndani ya robo saa shati limeshalowa.

Kwa pwani yetu, Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, miezi ya kuchunga ni Desemba hadi Machi, msimu wa kaskazi, wakati hewa ina unyevu mwingi kiasi kwamba jasho linatiririka bila kukauka. Kwa wanaopita Muscat, Dubai, Doha au Jeddah, kipindi kibaya ni Mei hadi Septemba, na huko hata usiku wa manane joto linaweza kubaki juu ya nyuzi 30. Katika mwongozo huu nyuzi zote ni za Selsiasi.

Jambo moja lishike kabla ya mengine yote: ndani ya ndege iliyokwama watu wanaumizwa na joto, lakini zaidi wanaumizwa na kusubiriana. Rubani anasubiri mnara wa waongoza ndege, mnara unasubiri nafasi angani, watu wa geti wanasubiri rubani aombe ngazi, mhudumu anasubiri kapteni aseme neno, na abiria anasubiri mwenzake aanze kulalamika. Agosti 2009, ndege ndogo iliyotoka Houston kwenda Minneapolis ilielekezwa Rochester, Minnesota, kwa sababu ya dhoruba, na abiria 47 wakakaa ndani usiku kucha, karibu saa sita, mita chache kutoka jengo la abiria. Mlango wa jengo ungeweza kufunguliwa, ila hakuna aliyeamua. Mamlaka ya Marekani iliyapiga mashirika matatu yaliyohusika faini ya jumla ya dola 175,000, na mwaka uliofuata ikaja sheria inayotajwa hapo chini. Kazi yako kama abiria ni kukata huko kusubiriana mapema, kwa taarifa fupi iliyo sahihi.

Kabla ya kutoka nyumbani

Ukiweza kuchagua, panda ndege ya alfajiri. Ndege iliyolala uwanjani usiku haijameza jua la mchana kwenye mwili wake, na ratiba ya siku haijaanza kuchelewa. Ndege ya saa tisa alasiri imeshabeba ucheleweshaji wa safari tatu nne zilizotangulia.

Chagua kiti cha njiani, si cha dirishani. Ukuta wa upande wa jua hupata moto na unakuchoma ubavuni hata hewa ya katikati ikiwa ya kuvumilika. Pia kiti cha njiani kinakurahisishia kwenda chooni, na mtu anayeogopa kusumbua wenzake hanywi maji.

Mfukoni, si kwenye begi la juu, weka hivi: chupa tupu ya lita moja, kanga au leso ya pamba, pakiti mbili za ORS, kipimajoto kidogo cha dijitali cha chumbani, na dawa zako za siku mbili. Chupa iwe tupu kwa sababu viwanja vingi bado vinazuia kimiminika kinachozidi mililita 100 kwenye ukaguzi. Ukishapita, jaza. Ukibadili ndege njiani unaweza kukaguliwa tena, kwa hiyo maji uliyojaza Dar yanaweza kuishia kwenye pipa la taka Doha. Maziwa ya mtoto na dawa za maji kwa kawaida huruhusiwa kuzidi kiasi hicho, lakini vitoe uvionyeshe mwenyewe.

Kipimajoto kina sababu. Programu ya hali ya hewa kwenye simu inakupa joto la uwanja, si la ndani ya ndege, na "kuna joto sana" ni neno ambalo mhudumu amelisikia mara elfu. "Nyuzi 34 kwenye kiti 23C" ni habari. Kiweke usawa wa kifua, mbali na dirisha na mbali na tundu la hewa, ukisubiri dakika tano ndipo usome.

Nguo: pamba nyepesi, na fulana ya pili. Ndege ikisharuka na kiyoyozi kushika kasi, mtu aliyelowa jasho atatetemeka kwa baridi. Buibui jingi la madukani ni la polista nyeusi, ambayo haipitishi hewa. Lipo la pamba au la krepu nyepesi. Kwa safari ya mchana lina thamani ya bei yake.

Pawa benki ikae nawe, si kwenye mzigo wa kupakia. Bila kibali mwisho ni wati-saa 100, ambazo ni takriban 27,000 mAh kwa betri ya kawaida ya volti 3.7. Joto likipanda usiichaji simu, usiiache pawa benki dirishani wala usiibane kati ya viti.

Mwenye dawa za presha, hasa zile za kutoa maji mwilini, za akili au za mzio, amuulize daktari kabla ya safari, kwa sababu baadhi yake hupunguza jasho au maji. Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe. Mwenye selimundu aanze kunywa maji tangu siku moja kabla, kwa kuwa kukaukiwa ni mojawapo ya vitu vinavyoamsha maumivu. Insulini inayotumika isikae penye zaidi ya nyuzi 30 na isigusane na barafu moja kwa moja, maana iliyoganda imeharibika.

Baridi ya ndege inatoka wapi

Ndege ya jeti ikiwa chini, hewa baridi ina njia tatu tu. Ya kwanza ni injini ndogo iliyo mkiani, wenyewe wanaiita APU, ile inayovuma unapopita nyuma ya ndege. Haisukumi ndege. Inatoa umeme na hewa yenye mgandamizo, na hewa hiyo ndiyo inayoendesha mitambo ya kupoza iliyo tumboni, kwa kawaida miwili. Ya pili ni gari au bomba nene la uwanjani linaloingiza hewa baridi kutoka chini ya tumbo la ndege. Ya tatu ni injini kubwa zenyewe zikishawashwa. Boeing 787 inatofautiana kidogo: haichukui hewa kutoka kwenye injini, inatumia kompresa za umeme.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo mambo yanapoharibika. Ndege inaruhusiwa kusafiri APU ikiwa mbovu, kwa kufuata orodha maalumu ya vifaa vinavyoweza kukosekana kwa muda. Hilo si kosa na halihatarishi safari yenyewe. Lakini ikiwa hivyo, baridi yote ya chini inategemea gari la uwanjani. Gari likichomolewa ili ndege isukumwe nyuma, mpaka injini kubwa ziwake, hakuna baridi. Kwa kawaida ni dakika chache. Ndege ikishachomolewa kisha mnara ukasema "subiri", dakika chache zinageuka dakika arobaini. Hata APU nzima, mchana wa joto kali inapumua kwa shida: hewa inayoivuta tayari ni ya moto na nyepesi, kwa hiyo inakupa kidogo. Na viwanja vingi vinabana matumizi yake kwa ajili ya kelele na moshi, huku shirika nalo likihesabu mafuta.

Ndege za panga boi zina tabia yake. ATR, zinazotumika sana kwenye safari za ndani Tanzania, hazina APU. Zinawasha injini ya kulia na kulifunga breki panga boi lake lisizunguke, ili injini itoe umeme na hewa huku abiria wakipanda kwa mlango wa nyuma kushoto. Upepo ukivuma vibaya kutoka nyuma, utaratibu huo hauruhusiwi, na hapo mnakaa bila baridi. Kwenye Caravan ya injini moja ya kwenda visiwani au mbugani, usitarajie kiyoyozi kabla injini haijawaka. Nafuu ni kwamba mlango hubaki wazi mpaka dakika ya mwisho, na rubani yuko mbele yako, mwambie tu.

Sauti zinasema mengi. Hewa ikikatika kabisa kwa dakika moja hadi mbili na taa zikapepesa, huenda injini inawashwa: hewa yote imepelekwa kwenye kuwasha. Ni kawaida. Hewa ikitoka ila ni vuguvugu, mtambo mmoja unafanya kazi au APU imeelemewa. Kimya kwenye matundu kwa zaidi ya dakika tano, milango ikiwa imefungwa: hapo anza kuhesabu muda.

Dakika kumi na tano za kwanza

1. Andika saa mlango ulipofungwa. Kwenye simu, ujumbe kwa ndugu unatosha, maana unajiwekea saa wenyewe. Kila hesabu ya baadaye inaanzia hapo.

2. Shusha vifuniko vya madirisha, vyote, hasa upande wa jua. Omba na jirani ashushe. Mashirika mengi yanataka viwe wazi wakati wa kuruka na kutua, lakini mkiwa mmesimama mhudumu atakubali, na mengine yanaomba yenyewe mshushe mnaposhuka uwanja wa joto. Kwenye 787 hakuna kifuniko, kuna kitufe cha kutia giza kioo, na kioo hicho bado kinapitisha joto.

3. Fungua tundu la hewa juu ya kichwa mpaka mwisho na ulielekeze usoni. Likitoa hewa ya moto kuliko ya chumba, lifunge.

4. Vua koti, soksi, kilemba kizito cha mtoto. Zima skrini ya kiti. Nayo inatoa joto, dogo lakini lipo mara 180.

5. Kunywa. Glasi moja, kama mililita 200 hadi 250, kila dakika 20 hadi 30 ukiwa unatoka jasho. Usizidishe lita moja na nusu kwa saa. Maji mengi mno kwa mara moja yanapunguza chumvi mwilini na yenyewe ni hatari. Kahawa nzito na pombe waachie wengine.

Aliyefunga Ramadhani asingoje mpaka aanguke. Msafiri ana ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine, na safari ndiyo hiyo.

Pepeo ni zuri, na kadi ya usalama iliyo mfukoni mwa kiti inafaa kabisa kwa kazi hiyo (irudishe). Ila hewa ikishapita joto la ngozi, karibu nyuzi 35, kupepea ngozi kavu ni kujipulizia joto. Lowesha kwanza: kanga iloweshwe, ikamuliwe isidondoke, ifungwe shingoni na kulazwa juu ya mapaja, ndipo upepee. Maji yanapokauka yanabeba joto lako. Kule ambako unyevu ni mwingi kama Dar ya Februari yanakauka taratibu, kwa hiyo geuza kitambaa mara kwa mara.

Sababu gani wamekwama?

Uliza sababu, kwa kuwa kila moja ina urefu wake. Wakisema breki zina moto, mara nyingi ni suala la dakika na si saa: kwenye A320 onyo huwaka breki zikizidi nyuzi 300, na ndege hairuki mpaka zipoe. Wakisema uzito, maana yake ni kwamba hewa ya moto ni nyepesi, bawa linabeba pungufu, na inabidi washushe mizigo au waombe watu wajitolee kubaki. Hapo ngoja nusu saa na zaidi, maana mzigo unatafutwa kwa mkono. Wakati mwingine joto linazidi kabisa kiwango cha ndege: Juni 20, 2017, huko Phoenix, safari nyingi za ndege ndogo za Bombardier CRJ zilifutwa kwa sababu mwisho wake ulikuwa nyuzi 47.8, huku ndege kubwa zikiendelea kuruka.

Wakisema nafasi ya anga au dhoruba njiani, hiyo ndiyo ya kuogopa. Haina mwisho unaojulikana, na rubani akirudi getini anaweza kupoteza foleni yake. Wahudumu na marubani nao wana kikomo cha saa za kazi kisheria. Wakikifikia, safari imekufa hata anga ikifunguka. Kapteni analijua hilo, na ndilo linalomfanya abaki kwenye foleni akiomba Mungu. Usimlaumu, lakini mpe sababu ya kurudi.

Kama wanajaza mafuta mkiwa ndani, mtaambiwa mfungue mikanda na njia iwe wazi. Usiweke mizigo sakafuni wala usisimame kwenye foleni ya choo wakati huo.

Jinsi ya kusema ukasikika

Watu hukosea namna mbili. Wengine wanakaa kimya kwa adabu mpaka mtu anazimia. Wengine wanasimama, wanarekodi video na kupayuka, na hapo mhudumu anaacha kufikiria joto, anaanza kufikiria fujo. Abiria akishaitwa mkorofi, kapteni ana mamlaka ya kumshusha kwa polisi, na hoja ya joto imekufa pamoja naye.

Bonyeza kitufe cha kuita. Asipofika kwa dakika tano, mtu mmoja aende mpaka jikoni mwa ndege, si watu kumi. Taarifa iwe na vitu vitano: kiti, nani, dalili, joto na saa. Hivi:

"Samahani dada, kiti 23C. Mama yangu ana miaka 68, ana presha, ameanza kizunguzungu na kichefuchefu. Kipimajoto hapa kinasoma 34 tangu saa nane na dakika ishirini. Naomba maji na barafu, na naomba umwarifu kapteni."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi. Mlango wa marubani umefungwa. Mbele kuna upepo wake, na kapteni anaweza asijue kabisa safu ya 30 ikoje. Mhudumu akishampelekea neno "abiria mgonjwa", hesabu inabadilika: sasa ni suala la afya, na mnara nao hutoa kipaumbele. Kwa mhudumu asiyejua Kiswahili maneno machache ya Kiingereza yanatosha, "Medical, seat 23C", ukionyesha kipimajoto.

Usidanganye ugonjwa. Siku ya pili yake mwenye ugonjwa wa kweli hataaminiwa.

Wahudumu nao wanaungua, tena wamesimama. Julai 17, 2023, Las Vegas, nje kukiwa na nyuzi 44 hivi, ndege ya kwenda Atlanta ilirudi getini baada ya watu kuzidiwa na joto, na miongoni mwa waliohitaji matibabu walikuwamo wafanyakazi wa ndege. Chama cha wahudumu wa ndege cha AFA cha Marekani kimekuwa kikidai kiwango cha joto kiwekwe kisheria. Wahandisi wa viyoyozi, kupitia chama chao cha ASHRAE, wanapendekeza chumba cha abiria kisizidi takriban nyuzi 26.7 katika hali nyingi, lakini hilo ni pendekezo. Kwa hiyo mhudumu anayekujibu kwa ukali pengine naye kichwa kinamgonga. Mpe maji kama unayo.

Saa zinavyohesabiwa

Sheria yenye meno ni ya Marekani, na inayahusu hata mashirika ya nje ndege zao zinapokuwa kwenye viwanja vya huko. Tangu Aprili 2010, kwa safari za ndani, abiria wapewe nafasi ya kushuka kabla ya saa tatu kutimia. Kwa za kimataifa, saa nne. Maji na kitu cha kula ndani ya saa mbili, vyoo vifanye kazi, matibabu yapatikane, taarifa itolewe baada ya dakika 30, na joto liwe la kustahimilika. Namba ya nyuzi haikutajwa. Yanayosamehewa ni usalama na amri ya waongoza ndege. Sheria ilipoanza, faini ilikuwa hadi dola 27,500 kwa kila abiria, na ndiyo iliyoyafanya mashirika yajifunze kurudi getini. Canada nayo ina saa tatu, na dakika 45 za nyongeza kama ndege iko karibu kuruka.

Kwingine usitegemee saa. Tegemea hali ya watu. Kanuni yetu kwa abiria: zaidi ya nyuzi 30 kwa nusu saa, au 35 kwa muda wowote wenye mtoto, mzee au mjamzito jirani, mwambie mhudumu amwarifu kapteni. Kipimo hicho ni cha busara, si cha kisheria.

Mtu akizidiwa

Tofautisha hali mbili. Uchovu wa joto: jasho jingi, ngozi baridi yenye unyevu, kizunguzungu, misuli kukaza, kutapika, lakini mtu anajua alipo. Mlaze jikoni mwa ndege au kwenye viti vitatu, miguu juu, legeza nguo, mloweshe, mpe ORS kwa mikupuo midogo. Akiwa hajapata nafuu kwa nusu saa, au akitapika kila anachokunywa, mchukulie kama wa hali ya pili. Kama pakiti za ORS hazipo, lita moja ya maji salama inachukua vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta, na pakiti za sukari na chumvi zipo kwenye toroli la chakula.

Kiharusi cha joto ni kingine. Joto la mwili linafika 40 au zaidi, na alama yake ni akili: anajibu ovyo, hamtambui mwanawe, anapepesuka, anapata degedege au anazimia. Ngozi inaweza kuwa kavu au yenye jasho, usidanganywe na jasho. Hapa kupoza kunaanza papo hapo, kabla daktari hajafika na kabla ngazi hazijaletwa. Maji mwili mzima, barafu ya jikoni iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe shingoni, makwapani na kwenye mapaja ya ndani juu, na watu wawili wapepee bila kuacha. Aliyechanganyikiwa hanyweshwi kitu, kitaingia mapafuni. Aliyezimia alazwe kwa ubavu. Paracetamol na aspirini hazishushi joto la aina hii na zinaweza kumdhuru, usimpe.

Kwa mama aliyevaa buibui, wanawake wawili washike kanga kama pazia, wa tatu afungue nguo na kulowesha. Inachukua nusu dakika. Wanaume wa safu hiyo wasogee nyuma wenyewe bila kuombwa. Usiache stara icheleweshe kupoza, wala haraka isivunje stara. Kanga moja inatimiza yote mawili.

Mtoto mchanga hawezi kusema. Chini ya miezi sita anyonye mara nyingi zaidi, asipewe maji matupu. Mvue mpaka nepi. Usifunike kikapu chake kwa blanketi kumkinga na mwanga, kwani hewa inasimama ndani. Kutokojoa kwa saa sita, utosi kubonyea, kulegea, au kulia bila machozi ni taarifa ya kwenda kwa kapteni mara moja. Juni 2017 huko Denver, mtoto wa miezi minne alipelekwa hospitali kwa gari la wagonjwa baada ya kuzidiwa na joto ndani ya ndege iliyokwama chini.

Kushuka

Unaweza kuomba kushuka, na kapteni ndiye anayeamua. Jua bei yake: ukiwa umepakia begi, kwa sababu za usalama litatafutwa na kushushwa, na wenzako wote watasubiri kwenye joto lile lile. Kwenye nchi za Ghuba utakuwa umeshagongewa muhuri wa kutoka, kwa hiyo uhamiaji lazima wakupokee upya. Kwa mgonjwa hiyo si sababu ya kusita. Kwa mwenye hasira tu, ni bora akae.

Usiguse mlango wa dharura. Mlango ukiwa umetegwa, yaani mtelezo wake umewekwa tayari kwa dharura, ukiufungua mtelezo huo wa hewa unafumuka kwa sekunde chache na nguvu yake inaweza kumuua aliye chini. Kama mlango haukutegwa, kizingiti cha A320 kiko zaidi ya mita tatu juu ya lami. Ni kosa la jinai katika nchi nyingi, na ndege yenyewe inatolewa kwenye ratiba.

Baada ya safari

Mkojo ukibaki rangi ya chai, au kichwa kikizidi kuuma siku ile, nenda hospitali na uombe cheti chenye tarehe. Kuna sababu mbili, na ya pili ni madai.

Kenya na Tanzania ni wanachama wa Mkataba wa Montreal wa 1999, na nchi nyingi za Ghuba pia. Kwa hasara iliyotokana na kuchelewa kwenye safari ya kimataifa, kikomo kwa abiria tangu Desemba 28, 2024 ni SDR 6,303 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF), na shirika linaweza kujinasua likithibitisha lilichukua hatua zote za busara. Hasara iwe na risiti: hoteli, tiketi iliyopotea, dawa. Kwa jeraha la mwili, mkataba unataka kuwe na "ajali", na mahakamani ubishi huwa kama joto la chumbani linaingia kwenye neno hilo. Cheti cha siku ile na namba za kipimajoto chako ndivyo vinavyotia uzito. Ukiondoka nchi ya Umoja wa Ulaya, kwa shirika lolote, kanuni ya 261 ya mwaka 2004 inaongeza fidia ya euro 250, 400 au 600 kulingana na umbali, ukifika kwa kuchelewa saa tatu au zaidi na sababu si ya nje ya uwezo wao. Ubovu wa kawaida wa mtambo si udhuru.

Andika kwa shirika kwanza, kwa barua pepe: namba ya safari, tarehe, kiti, saa mlango ulipofungwa, joto na saa lilipopimwa, nani alizidiwa, ulimwambia nani na akajibu nini, na unadai kiasi gani. Ukurasa mmoja. Ambatisha pasi ya kupandia. Wasipojibu, nenda kwa mamlaka ya usafiri wa anga: Tanzania kuna TCAA pamoja na baraza lake la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga, Kenya kuna KCAA. Kesi yenyewe ifunguliwe ndani ya miaka miwili tangu siku uliyofika au uliyopaswa kufika. Na kama ulishuka wewe begi likaruka, malalamiko ya mzigo uliochelewa yapelekwe kwa maandishi ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa.